Ajali za baiskeli Dar: nani anazihesabu?

Msikilizaji, fikiria muuza mkaa aliyetoka Kisarawe alfajiri na magunia kwenye baiskeli, akielekea Temeke. Daladala inambana, anaangukia mtaroni, anajipangusa na kuendelea na safari. Ajali hiyo haiandikwi popote, kwa sababu polisi huandika zile zinazowafikia.

Pengo lenyewe si dogo. Kwa mwaka 2016 takwimu rasmi za Tanzania zilionyesha vifo 3,256 vya barabarani, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria zaidi ya 16,000. Kama vifo vinapotea kwenye hesabu, sembuse goti lililochubuka?

Wananchi wenyewe wanaweza kuziba pengo hilo. Huko Berlin, Ujerumani, programu ya simu iitwayo SimRa hukusanya kutoka kwa waendesha baiskeli mahali walipokoswakoswa na magari. Nukta zikirundikana kwenye kona moja, mhandisi anajua pa kuanzia. Dar nayo si mgeni wa kazi ya namna hii: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora ramani za mitaa na mitaro, ili kukabili mafuriko.

Wasiwasi wangu ni simu yenyewe. Muuza mkaa wetu ana kitochi. Ramani ikijazwa na wenye simu janja peke yao, itaonyesha Masaki ni hatari kuliko Mbagala, na fedha za kurekebisha barabara zitafuata ramani. Afadhali wapokee pia ujumbe mfupi wa kawaida, au vijana wa mtaa wapite sokoni kuwauliza wenye baiskeli: jana ulikoswa wapi?