Pesa ya Kibali Haipitii Simu ya Fundi

Unataka kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, na fundi anakwambia, "Nitumie ya kaunti, nitakusortia." Sisi tunasema: usitume. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Ukianza bila hicho, faini inaweza kufika shilingi 500,000, kifungo miezi miwili, au vyote viwili. Na anayeshtakiwa ni wewe mwenye nyumba pia.

Ukimtumia fundi, meseji itaonyesha jina lake tu. Subiri bili ya kaunti, lipa kwa paybill iliyoandikwa hapo, kisha tunza meseji. Hata hivyo, usichimbe msingi bado. Risiti si kibali.