Mashine ya Moyo Haitiwi Kufuli

Mzee alikuwa na noti mkononi, anakwenda kumtuza bibi harusi, akaanguka. Mimi nilikuwa meza ya tatu. Muziki ukakatika. Watu wakapiga kelele apewe hewa, mama mmoja akavua mtandio akawa anampepea, mwingine akamwagia maji usoni. MC akauliza kwenye kipaza sauti kama yupo daktari. Hakuwepo. Ndipo kijana wa mapokezi akasema maneno yanayonichoma hadi leo: mashine ya kushtua moyo ipo, ila imo ofisini kwa meneja, na meneja ameshaondoka na ufunguo.

Mzee alipakiwa kwenye gari la mwanawe, akakata roho wakiwa kwenye foleni. Msibani tukaambiana kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu haina. Ya kwetu inayo. Sisemi mzee angepona, hilo Mungu ndiye ajuaye. Nasema nafasi yake ya kupona ilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipolala, nasi tulikuwa tumeifungia kwa kufuli.

Mtu akianguka ghafla tumezoea kusema presha imepanda, au ni kifafa, au karogwa. Lakini akiwa hashtuki ukimwita na hapumui kama kawaida, elewa kwamba huenda moyo umesimama. Mara nyingi umeme wa moyo huwa umevurugika, na moyo, badala ya kusukuma damu, unatetemeka tu. Ubongo hauvumilii: dakika nne au tano bila damu, unaanza kuharibika. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila kushtuliwa moyo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe. Halafu uniambie ni gari gani la wagonjwa litakalofika Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa 12 jioni ndani ya dakika 10.

Kwa hiyo anayemwokoa mtu huyu kwanza si daktari. Ni yule aliye karibu naye: kondakta, mama lishe, mlinzi, abiria mwenzake.

Chicago walilielewa hili zamani. Mwaka 1999 walianza kuweka mashine hizi za kushtua moyo kwenye viwanja vyao vya ndege, mahali panapoonekana, kiasi cha dakika moja au moja na nusu ya mwendo wa haraka kutoka moja hadi nyingine. Katika miaka miwili watu 18 walianguka mioyo yao ikitetemeka hivyo. Waliookolewa ni 11, na karibu wote walihudumiwa na wapita njia waliojitolea. Wanne hawakuwa na mashine jirani, au haikuwafikia ndani ya dakika tano. Wote wanne walikufa. Viwanja ni vile vile, maradhi ni yale yale. Tofauti kubwa ilikuwa umbali wa mashine.

Sisi wapenda soka tumeyaona kwa macho yetu. Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London. Moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78, akashtuliwa mara 15, na leo yu hai. Juni 2021 Christian Eriksen alianguka Copenhagen mbele ya dunia nzima. Mashine ilikuwepo, akashtuliwa pale pale nyasini, na mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia. Nasi Desemba 2016, kwenye uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, tulimpoteza kijana wa Mbao FC katika mechi ya vijana dhidi ya Mwadui. Tulilia, tukazika, tukarudi kubishana juu ya penalti. Leo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON ya 2027, na tunahesabu viti na taa. Nauliza: shabiki akianguka jukwaani, aliyeketi pembeni yake anajua akimbilie wapi?

Wapo watakaosema mashine ni ghali. Ni milioni chache za shilingi. Nyingi haziifikii bei ya bajaji mpya. Ukumbi unaonunua makochi ya dhahabu kwa ajili ya maharusi usiniambie hauna fedha. Kituo cha mabasi kinachokusanya ushuru kutwa kucha kisiniambie hivyo.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida atamuua mgonjwa. Huo ni woga wa kutojua. Ukiifungua, mashine inakuelekeza kwa sauti hatua moja moja. Unabandika vipande viwili kifuani, yenyewe inasoma mapigo, na moyo usiohitaji mshtuo haiushtui. Huwezi kumuua mtu ambaye moyo wake umekwisha kusimama. Unaweza tu kumwacha afe.

Wapo watakaosema itaibiwa. Basi itundikwe anapokaa mlinzi usiku na mchana, ndani ya kasha linalopiga king'ora likifunguliwa. Kinga dhidi ya mwizi isigeuke hukumu ya kifo kwa mgonjwa.

Na mfano tunao nyumbani. Tazama mtungi wa kuzimia moto. Sheria inautaka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaukagua, nao umetundikwa ukutani kila mtu akiuona. Hakuna aliyewahi kusema usubiri mtaalamu nyumba ikiwaka. Kwa nini nyumba ipewe heshima ambayo kifua cha binadamu kimenyimwa?

Ninataka mambo matano, na sitanii. Kwanza, sheria iamuru mashine hizi ziwepo kwenye viwanja vya michezo, stendi kuu, vivuko, stesheni za reli, masoko makubwa, kumbi na hoteli, mahali pa wazi, bila kufuli. Pili, zikaguliwe kama mitungi ya moto, maana betri huisha na vibandiko hupitwa na muda. Mashine iliyokufa ukutani ni ulaghai. Tatu, sauti ya mashine iwe ya Kiswahili. Roho ya mtu isipotee kwa sababu kondakta alielekezwa kwa Kiingereza. Nne, sheria imlinde anayesaidia kwa nia njema, ili asiogope kuishia kituo cha polisi. Tano, mikono ifundishwe kukandamiza kuanzia sekondari: katikati ya kifua, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka mashine ifike.

Nawe msomaji, usisubiri Bunge. Wiki hii ukiingia ukumbini, stendi, msikitini, kanisani au kazini kwako, muulize mwenye mahali: mashine ya moyo iko wapi? Akisema hakuna, mwambie anunue. Akisema ipo ofisini, mwambie aitoe. Na akisema ufunguo anao bosi, usiondoke mpaka bosi aje aifungue.