Refa Mwizi, au Kitabu Hujakisoma?

Mapenzi na mitindo tuvipumzishe wiki hii, leo tumwongelee yule jamaa mwenye filimbi. Huku Karema soka ndiyo baba lao, hilo halina ubishi. Lakini simu za siku hizi zimetuletea kikapu cha NBA mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Shida ni moja: filimbi ikilia tu, kijiwe kizima kinaruka, "Mwizi huyo! Kahongwa!"

Ebo! Taratibu jamani. Marefa wanaolaumiwa wako wa aina tatu, na sisi tunawatia wote kapu moja.

Wa kwanza ni yule anayefuata kitabu usichokisoma wewe. Mpira umegonga ringi, unachezacheza juu yake, beki anaruka na kuufagia. Kwenye NBA hilo ni kosa na kikapu kinahesabiwa. Lakini kwa sheria za FIBA, zinazotumika kwetu Bongo na kwenye ligi ya Afrika, BAL, mpira uliorushwa ukishagusa ringi, ruksa kuufagia, isipokuwa kwenye mtupo huru unaofuatiwa na mwingine. Kwa hiyo Hasheem Thabeet wetu, jitu la futi saba na ushee lililochaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, kwa mkono uleule angepigiwa makofi Dar na filimbi Memphis. Sasa hapo mwizi nani?

Wa pili ni yule aliyekosea kweli. Januari 28, 2023, Lakers walikuwa Boston, ngoma 105 kwa 105, sekunde zinayoyoma. LeBron James kaenda kufunga, Jayson Tatum kampiga mkono, filimbi kimya! Patrick Beverley akaazima kamera ya mpiga picha akamwonyeshe refa ushahidi. Alichoambulia ni faulo ya utovu wa nidhamu. Muda wa nyongeza Lakers wakalala 125 kwa 121. Kesho yake marefa wenyewe wakakiri hadharani kwamba walikosea. Matokeo hayakubadilika, lakini walisema. Inauma, ila kukosea siyo kuiba.

Wa tatu ndiye mwizi mwenyewe. Tim Donaghy alichezesha NBA misimu 13, kumbe anabeti kwenye mechi anazochezesha na kuwavujishia siri wacheza kamari. Mwaka 2007 akakiri mahakamani, 2008 akahukumiwa jela miezi 15. Huyo alinaswa kwa uchunguzi wa FBI, siyo kwa kelele za mashabiki.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi mkeka ukichanika, refa ndiye anayetafutwa. Mtu kapoteza hela ya kula, anataka kumng'oa mwenzake meno! Kwenye viwanja vyetu refa hana marudio ya video wala mlinzi. Ana macho mawili na filimbi, basi. Mkimtwanga leo, kesho nani atakubali kuishika?

Kwa hiyo mshikaji, kabla hujatukana, jiulize: anatumia kitabu gani? Kakosea, au kahongwa? Kama ni kosa, nahodha alalamike kwa utaratibu. Kama ni rushwa, leta ushahidi. Kama huna, kaa chini mechi iendelee.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.