Deni la Msomi Halilipwi kwa Fedha Peke Yake

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili mtoto wa mkulima asikose chuo kwa sababu ya ufukara wa wazazi wake. Hilo ni jambo jema. Lakini imezuka kasumba kwamba mhitimu akishakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi mkopo uishe, basi yeye na umma hawadaiani tena.

Hiyo ni hesabu ya dukani. Majengo, maabara na mishahara ya wahadhiri wa vyuo vya umma hutokana na jasho la wananchi, ambao wengi wao hawatakanyaga chuoni. Deni hilo hulipwa kwa utumishi: kufundisha hisabati katika sekondari ya kata, kutibu katika zahanati ya kijiji.

Wapo wasemao kwamba sharti la utumishi lifungwe kwenye mkopo. La hasha! Hapo fukara atabebeshwa mzigo peke yake, na mtoto wa mwenye nacho aende zake. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Wajibu ule uliwahusu wasomi wote.

Na leo hapana budi iwe hivyo. Mkopo apewe mhitaji; utumishi udaiwe kwa kila aliyesomeshwa na umma. Vinginevyo utumishi utageuka adhabu ya umaskini.