Kimo na Mgawo

Desturi ya watu wengi ni kuutazama mwili wa binadamu kana kwamba ulishushwa duniani ukiwa umekwisha kamilika. Kijana akiwa mrefu na mwepesi wa miguu, husifiwa damu ya ukoo wake. Akiwa mfupi na mwenye kuhema upesi, hulaumiwa damu hiyo hiyo. Katika michezo ya shule desturi hii aghalabu hugeuka kuwa sheria. Watoto hupangwa mstari, macho ya mteuzi hupita juu ya vichwa vyao, na walio wadogo huambiwa wakae kando washangilie. Hukumu hiyo ni nyepesi kutoa, walakini haina haki, kwa kuwa humdai mtoto deni asilolikopa.

Kipili, katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, ni mahali panapofaa kuipima hukumu hii. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika lenye dagaa na migebuka; nyuma yake, juu milimani, ni uwanda wa Ufipa, ghala mojawapo la mahindi ya Tanzania. Mgeni angedhani kwamba watoto wa mkoa huu huwapita wenzao wote kwa kimo na nguvu. Ukweli ni kinyume. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Rukwa walikuwa wamedumaa, sehemu kubwa kupita mikoa yote. Dar es Salaam, mji ununuao unga wake kwa wengine, walikuwa 15 tu. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta Rukwa ingali karibu na 50, pamoja na Njombe, mkoa mwingine wenye mavuno mengi.

Watetezi wa damu watasema kwamba hayo ndiyo maumbile ya watu wa nyanda za juu. Jibu lao lilikwisha patikana. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, walionyonyeshwa vema na kulelewa katika hali njema. Katika miaka yao ya kwanza watoto hao walikua karibu sawa sawa. Nchi zilikuwa sita, rangi zilikuwa nyingi, na kimo kilikaribia kuwa kimoja.

Basi ni kitu gani kimpunguzacho mtoto aliyezaliwa kati ya ghala na ziwa? Ni mgawo. Mahindi huuzwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili madeni yalipwe. Baadaye mkulima yule yule huyanunua kwa bei ya juu. Dagaa huanikwa mchangani, hupakiwa, huenda kulisha miji. Mwenye chombo na nyavu huchukua fungu nono, na mvuvi hurudi nyumbani na kilichosalia. Mwanamke mja mzito hulima, huchota maji, hubeba kuni; akiisha kujifungua hurudi shambani, na mtoto huachiwa dada yake pamoja na uji mwepesi wa mahindi. Maji yasiyo safi humletea kuhara, na hata kile kidogo alichokula hakimfai. Madhara haya huanza tumboni mwa mama, na mengi huwa yamekwisha tendeka mtoto atimizapo miaka miwili. Kabla mwamuzi hajapuliza filimbi, mchezo umekwisha amuliwa.

Wako wengine wasiotaja damu, bali huwalaumu akina mama kwa ujinga. Hao hupenda kunena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali ni ya kweli, lakini mlezi si mama peke yake. Apangaye bei ni mlezi. Agawaye fungu la samaki ni mlezi. Achelewaye kuchimba kisima ni mlezi. Kumfundisha mama thamani ya maharage na samaki, kisha kumwacha bila saa ya kupika wala senti ya kununua, ni kumdhihaki.

Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, taifa lilishangilia kipaji. Kipaji alikuwa nacho, hapana abishaye. Lakini kipaji hukimbia kwa miguu, na miguu hujengwa kwa chakula. Ni wangapi waliozaliwa na kipaji cha namna hiyo kando ya ziwa, wakakikosa mwili wa kukibeba?

Taifa likitaka wanamichezo, na lianzie jikoni na kisimani kabla ya uwanjani: samaki na maharage katika chakula cha shule, maji safi, mahali pa kulelea watoto wakati wa kilimo, na bei isiyomlazimu mkulima kuuza chakula cha wanawe. Hayo yasipotendwa, mteuzi asithubutu kusema kwamba amewapima watoto. Alichokipima ni mgawo wa watu wazima.