Kampuni Kubwa Nazo Zinunue kwa Wanawake



Tukisikia habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, huona ni mambo ya wanaume na mitambo. Lakini bomba hilo la kilomita 1,443 linapita mkoa wa Tabora, wilaya za Nzega na Igunga, na Igunga ndiko iliko Choma, Choma cha Nkola. Wafanyakazi wa kambini hula kila siku. Wanataka mchele, kuku, mayai, mboga, na nguo zao zifuliwe. Nani anaiuzia kambi?

Zama za misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi walinunua chakula vijijini njiani, na wanawake waliolima na kutwanga walipata soko. Leo kampuni inataka usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, risiti ya mashine na mzigo mkubwa kwa mara moja, kisha malipo baada ya mwezi au zaidi. Mama mwenye kuku hamsini hapo ameshaachwa nje.

Sheria ya Petroli ya 2015 inataka bidhaa na huduma za Watanzania zipewe kipaumbele. Ni jema, ila Mtanzania huyo anaweza kuwa tajiri mmoja wa mjini, anunue kwa mama kwa bei ya chini na kuiuzia kampuni kwa bei ya juu. Kwa taasisi za serikali za Bara, tangu marekebisho ya 2016 asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka hutengewa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Rai yangu ni kuwa kampuni binafsi, na hoteli zetu za Nungwi na Kiwengwa zikiwemo, zijiwekee fungu kama hilo. Zabuni zigawanywe ndogo ndogo, vikundi viruhusiwe kuuza pamoja, na malipo yatoke ndani ya wiki mbili. Mtaji wa mama ni wa kuzungusha. Ukikaa mwezi mzima kwa mnunuzi, biashara imekufa.

Wapo wanaohofia ubora. Upimwe! Yai bovu lirudishwe. Hatuombi sadaka, tunaomba mlango. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, umo humu. Harusi yako ni ununuzi mkubwa: mpishi, keki, mapambo, hina, udi. Wape kazi kina mama wanaoanza. Andikianeni, kama tulivyoamrishwa kuandika deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, na walipe siku mliyoahidiana. Tutaidaije kampuni haki ambayo sisi wenyewe hatumpi mpiga hina wetu?

Allah awabariki wote wanaotafuta riziki ya halali. Amin.