Achana na Bata wa Beijing, Niulize Nimekula Nini

Wasee wa Thika na Ruiru, hebu tuongee kuhusu hizi kozi mbili ambazo kila mzazi anaambiwa mtoto lazima asome akimaliza kidato cha nne: Kichina na kompyuta pakeji.

Kozi zenyewe sina shida nazo. Shida yangu ni venye zinafundishwa. Kwa kompyuta unakariri kwamba kibodi ni kifaa cha kuingiza data, halafu unapewa barua ya mtu humjui uinakili mpaka wiki iishe. Kwa Kichina unapewa orodha ya vyakula: bata wa kuchoma, vitu vya unga vya kuchemsha, supu ya sijui nini. Mtoto wa Kiandutu anaweza kuagiza bata Beijing kabla hajajua kusema githeri. Miezi mitatu, karo imelipwa, cheti kimelaminetiwa, na hakuna sentensi moja anaweza kumwambia mtu kuhusu maisha yake.

Kabla mnirukie ati nimenunuliwa na Wachina, angalieni barabara mnayopanda matatu kila siku. Thika Superhighway ilijengwa na kampuni za Kichina, China Wu Yi, Sinohydro na Shengli, ikafunguliwa na Kibaki mwaka wa 2012. Taasisi ya Confucius ya kwanza Afrika ilianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2005, na ya Kenyatta University ikafuata 2008, hapo tu kabla ufike Ruiru. Januari 2019 KICD ikatangaza Kimandarini kitaingia shule za msingi kuanzia Gredi ya 4. Lugha imeshafika kwa mlango. Kilichobaki ni kujua nani kati yetu atasoma mkataba, na nani ataonyeshwa kwa kidole pa kuchimba.

Kompyuta nayo si mnakumbuka. Kampeni za 2013 zilituahidi laptopu za darasa la kwanza, zikageuka kuwa tableti kuanzia 2016, na JKUAT hapo Juja ilikuwa mmoja wa waliopewa hiyo kazi. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa nchi nzima. Kuwasha tuliwasha. Lakini hatukuulizana vya kutosha mtoto afanye nini na hicho kitu akishakiwasha.

Mimi nasema afanye hivi: aulize wenzake wanakula nini. Aulize kwa Kichina, aandike majibu kwa kompyuta, ahesabu, halafu arudishe jibu kwa wenye aliwauliza. Basi. Hakuna haja ya vitabu vya elfu tatu.

Nilijaribu na vijana watano wa ploti yetu huku Kihunguro, likizo ya Aprili. Simu tatu, laptopu yangu ya kuzeeka, bando ya kuchangiana. Swali la kwanza: Nǐ xǐhuan chī shénme? Unapenda kula nini? Dakika kumi kila mtu alikuwa ameshika, juu walikuwa wanaulizana kitu wanataka kujua kwa ukweli. Nikawaambia neno moja la Kichina wamekuwa wakilitumia tangu wazaliwe. Chai. Kichina ni chá, lilisafiri likapita Uajemi na India mpaka likafika kwa sufuria ya mama yako. Yai ni jīdàn, yaani "yai la kuku" kwa maneno mawili. Githeri haina jina huko, kwa hivyo tulilitengeneza: yùmǐ hé dòuzi, mahindi na maharagwe. Hiyo kutengeneza ndiyo lugha, bana. Orodha ya bata haikufunzi kutengeneza.

Na chapo mbili? Kichina hakikubali useme "mbili chapo" ukaenda zako. Lazima uweke neno la kupimia katikati: liǎng zhāng kwa kitu bapa kama chapati, yì wǎn kwa bakuli la dondo. Kuna mwenye alilia ati ni ngumu. Nikamwambia wewe umelelewa na ngeli, unasema chapati hizi, mayai haya, vitumbua hivi, bila kufikiria. Wewe ndiye ulizaliwa tayari kwa hii kazi. Hata toni. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài, tofauti ni sauti tu. Mzungu anaumwa na kichwa hapo. Lakini Kikuyu pia ni lugha ya toni, na Dholuo pia, na nusu ya ploti yetu wanaongea moja ya hizo.

Sasa kompyuta. Kuandika Kichina unaweka kibodi yake kwa simu, unapiga "chi", inakuletea herufi kibao zenye sauti hiyo, unachagua 吃, kula. Msee anayeangalia kibodi kwa makini hivyo siku tano hahitaji kukariri kibodi ni nini.

Halafu majibu yakaingia Excel, na hapo ndipo nilipenda. Mmoja ameandika "chapati". Mwingine "chapo". Mwingine "chapo 2 na dondo". Mwingine "smocha", ambayo nayo ni chapati imefunga smoki. Ukiiambia kompyuta ihesabu chapati inakupa moja. Haijui Thika, haijui Ruiru, inajua tu ulichoandika. Nafasi moja ya ziada mwishoni mwa neno na tayari ni chakula kingine. Tulikaa jioni nzima tukibishana smocha iwekwe wapi. Hiyo kazi ya kusafisha data watu wanalipwa nayo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kutosha, na kwa muda niliokuwa huko takwimu zilifundishwa ubaoni. Sikuwahi kuguswa na data moja chafu.

Lakini kitu kilichonifanya niandike hii ni kile kiboksi kilichobaki wazi.

Swali la tatu lilikuwa: jana ulitumia pesa ngapi kwa chakula cha mchana? Kuna mtu hakujaza. Chukua mfano: watu watano, wanne wanaandika 50, wa tano anaacha wazi. AVERAGE ya Excel inaruka boksi tupu, inakuambia wastani ni 50. Andika 0 hapo, wastani unakuwa 40. Kwa hiyo mwenye hakula anatolewa kwa hesabu kimyakimya na darasa zima linaonekana limeshiba. Hakuna aliyedanganya. Ni kompyuta tu imefanya venye iliambiwa.

Na Kichina nacho kinakulazimisha uamue. Wǒ bù chī: sili, sitaki. Wǒ méi chī: sikula. Neno moja dogo, bù ama méi, ndilo linatenganisha msee anayechagua chakula na msee aliyelala njaa. Niambie ni kitabu gani cha bata kitakufundisha hiyo tofauti ukaisikia kwa mfupa. Wazee wa Kichina hata husalimiana hivyo, chī le ma, umekula? Kwao ni salamu. Kwetu, ukiuliza vizuri, mtu anaweza kukujibu ukweli.

Watasema hii ni mchezo, ati chakula na teknolojia ni vitu viwili. Waambie waje Ruiru. Mwaka wa 2012 Wawira Njiru alianza hapa kulisha watoto 25 kwa jiko moja. Hiyo ndiyo Food4Education, na leo mtoto anagusisha bangili mkononi kwa mashine, bei ya chakula inakatwa kwa akaunti ambayo mzazi ameweka pesa kwa simu. Dishi na County ya Nairobi, ile ya shilingi tano, imejengwa juu ya kazi hiyo. Rekodi ya kila sahani iko mahali. Teknolojia yenye maana kwetu ilianzia kwa sahani, haikuanzia kwa barua ya kunakili.

Kuna walimu na watu wa miradi ambao watasoma hapa wachangamke vibaya, kwa hivyo nawawekea mpaka. Mkitumia chakula cha watoto kufundisha, msiandike majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kuchukua data ya mtoto, na hata bila sheria, mtoto hafai kusimama mbele ya darasa akisema méi chī wakati nyinyi mnapiga picha ya ripoti. Tumeshahojiwa sana sisi. Watu wanakuja na fomu, wanauliza tunakula mara ngapi, wanapanda gari, hatuwaoni tena. Ukiniuliza nimekula nini halafu jibu likaishia kwa laptopu yako, umeniibia.

Kwa hivyo anzeni Jumatatu, hamhitaji kibali cha Nairobi. Maswali manne, Kichina upande mmoja, Kiswahili upande mwingine. Boksi tupu zihesabiwe peke yake na zitajwe. Grafu ichorwe na wanafunzi wenyewe, na karatasi ya matokeo ibandikwe kwenye dirisha la kantini siku hiyohiyo, wenye walijibu wakiwa bado wamepanga laini.